Kulipuliwa kwa Mbayuwayu

Kazini walimwita Gundi, na jina lilimkaa kiasi kwamba siku moja hata barua ya ofisini ilimjia hivyo, "Kwa Bwana Gundi," na hakuna aliyeona ajabu. Tangu ujana vidole vyake vilikuwa na magamba ya gundi iliyokauka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vidogo vinavyoonekana vikubwa kwenye televisheni: madaraja, mabwawa, miji mizima inayoenea juu ya meza. Lakini waliomfahamu walimfahamu kwa kitu kimoja tu, chombo cha angani kilichoitwa Mbayuwayu.

Tamthilia nayo iliitwa hivyo hivyo. Miaka thelathini iliyopita ilirushwa kila Jumapili jioni. Ilihusu watu tisa waliokimbia dunia iliyoharibika, wakabeba mbegu kwenye tumbo la chombo chao, wakawa wanatafuta mahali pa kuzipanda. Gundi alikuwa na miaka ishirini na minane alipokijenga chombo hicho kwa mabomba ya plastiki, vifuniko vya chupa za manukato, meno ya vitana na ile plasta ya kuzibia mabodi ya magari. Alikining'iniza kwa uzi wa kuvulia samaki mbele ya kitambaa cheusi, kamera ikasogezwa taratibu, na watu majumbani wakaamini.

Kero yake ya enzi zile ilikuwa moja. Wiki hii kimondo kimekigonga chombo, ubavu umepasuka. Gundi anakaa siku mbili akiuchonga ule ufa, akiuchoma kwa chuma cha moto, akiupaka masizi mpaka unauma kuutazama. Wiki inayofuata anaambiwa auzibe, apake rangi, chombo kiwe kipya. Alimuuliza mwongozaji wa wakati ule nani amekitengeneza huko angani, na mwongozaji akamjibu kwamba mtazamaji haulizi mambo kama hayo.

Mtazamaji aliuliza. Gundi alikuwa anaishi naye nyumba moja. Dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuwa hakosi hata sehemu moja, na kila Jumapili aligeuka na kumwambia, "Ule ufa umekwenda wapi?"

"Wameziba, dada."

"Kwa vifaa gani? Wako katikati ya giza na walishasema mabati yamewaishia."

Hata hivyo aliendelea kutazama. Mwaka ule alikuwa amemzika mumewe, na hakuwa na hamu ya vitu vingi.

Tamthilia ikaisha, ghala likavuja, Mbayuwayu ikaoza kwenye boksi lake. Gundi akahamia kwenye kazi ya kuwatengenezea wachoraji majengo mifano ya majengo yao, kazi safi isiyo na moshi. Alikuwa na miaka hamsini na minane kituo cha televisheni kilipompigia simu na kumwambia kwamba Mbayuwayu inarudi.

Mwongozaji safari hii alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu aliyetoka kuugua mafua. Alimwonyesha Gundi chumba cha kazi nyuma ya jengo, chenye dirisha kubwa na meza mbili za mbao ngumu, akamwambia achukue muda anaoutaka. Gundi alichukua miezi saba. Alijenga chombo cha mita mbili na robo, chenye madirisha mia mbili na kumi na mawili, kila dirisha na taa yake. Ndani, kwenye ukumbi wa kulia chakula, aliweka meza na viti tisa vya ukubwa wa punje ya mahindi, ingawa alijua hakuna kamera itakayofika huko. Alijenga vizuri kuliko alivyojenga ujanani, na alijua kwamba hatajenga tena kitu kama kile, maana macho yalishaanza kumgomea.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo, asubuhi moja, mwongozaji aliingia na karatasi za sehemu ya nne, akavuta kigoda.

"Mzee wangu, nataka tuilipue."

"Tulipue nini?"

"Mbayuwayu. Sehemu ya nne, karibu na mwisho. Watano wameshashuka kwenye sayari ya mchanga, nayo inalipuka na watu wanne ndani. Haitarudi, na wao hawatarudi."

Gundi aliweka brashi chini. "Mbayuwayu ndiyo tamthilia. Ukiiondoa unabaki na watu watano wenye nguo za kung'aa wakizurura kwenye mchanga."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka. Hao watano watafanya nini?"

"Watu hawakukuomba hiyo. Wamekuomba ile wanayoijua."

"Ile wanayoijua ipo," alisema mwongozaji. "Kanda zipo, wairudie. Mimi nilikuwa naipenda nikiwa mdogo, halafu nikafika miaka kumi nikaacha. Unajua kwa nini? Niligundua kwamba hawa hawafi. Hata wafanywe nini, ikikaribia taarifa ya habari watakuwa wamekaa mezani wanacheka. Nikaacha kuogopa, na nilipoacha kuogopa sikuona sababu ya kukaa."

"Na wapo waliokaa kwa sababu hiyo hiyo," alisema Gundi. Akamweleza habari za dada yake, mwaka ule wa msiba, jinsi alivyokuwa akikaa mbele ya televisheni kwa sababu alijua tisa wataondoka na tisa watarudi, na hapakuwa na mahali pengine duniani hesabu ilipokuwa inamtokea sawa hivyo.

Mwongozaji alizikunja karatasi zake. "Sina jibu la hilo," alisema. "Ninachojua ni kwamba siwezi kufufua kitu halafu nikakizuia kisiishi."

Gundi alikataa. Alikataa siku nne, akisaga kuta za chombo kwa msasa ingawa zilishakuwa laini kama sabuni. Siku ya tano aliusoma mswada wote, sehemu kumi na mbili, kwa sababu alitaka kujua anakataa nini. Aliusoma akiwa amesimama. Wale watano kwenye mchanga, wakigawana mbegu zilizobaki na kugombana wazipande wapi, walimkaa kichwani kuliko alivyotegemea. Alikwenda ofisini kwa mwongozaji.

"Nitakubali kwa sharti moja. Ikiondoka, imeondoka. Msije mkaniambia sehemu ya saba kwamba ilikuwa ndoto."

"Hairudi. Meneja wa kituo ameshatia sahihi."

Kazi ngumu ilikuja baada ya hapo. Chombo kilichojengwa imara hakilipuki vizuri, kinapasuka mahali pamoja na kubaki kama sufuria lililokanyagwa. Ilibidi Gundi akidhoofishe mwenyewe. Wiki mbili aliingiza msumeno mwembamba ndani ya kuta zake, akakata mbavu alizozipinda kwa mvuke, akachana sakafu, akalegeza kila kiungo alichokuwa amekikaza. Kwa nje hakuna kilichoonekana. Waliopita kumsalimia walimsifu kwamba chombo kinapendeza, naye akawa anaitikia huku amekunja uso.

Walikilipua Alhamisi asubuhi ndani ya bohari tupu, kamera nne, mtaalamu wa baruti akiwa na kibali chake mfukoni. Hapakuwa na mazoezi, maana chombo kilikuwa kimoja. Taa mia mbili na kumi na mbili ziliwaka, mtaalamu akahesabu, na miezi saba ikaisha kabla Gundi hajafumbua macho vizuri. Watu walipiga makofi. Yeye alizunguka na ndoo, akaokota vipande kimoja kimoja, akisema haifai kuacha uchafu kwenye jengo la watu.

Sehemu ya nne iliporushwa alikaa na dada yake sebuleni. Mwalimu sasa alikuwa amestaafu, miguu yake imevimba, ameiweka juu ya kigoda. Gundi hakuwa amemdokezea kitu. Chombo kilipopasuka, dada aliishusha miguu. Alinyanyuka, akazima televisheni, akaingia chumbani kwake.

Siku nne hakumsemesha. Alimwekea chakula mezani na kuondoka. Gundi akimuaga asubuhi, dada aliujibu ukuta. Siku ya tano, Gundi anafunga viatu, akasikia nyuma yake:

"Yule daktari alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani, dada."

"Na mbegu?"

"Nusu zimeungua. Nusu walishazishusha."

"Nusu," alisema dada yake, akarudi chumbani.

Jioni Gundi alimkuta na daftari. Alikuwa ameandika idadi ya magunia, idadi ya watu, miezi ya mavuno, na mstari mrefu wa hesabu uliokatwa na kuanzwa upya mara tatu. Kwa watu watano, alisema, mbegu zinatosha mavuno mawili kama hawatagombana. Wakigombana, moja. "Na watagombana," aliongeza. "Yule nahodha msaidizi hajui kugawanya."

Sehemu ya tano alikuwa amekaa kitini nusu saa kabla ya wakati. Ya sita aliitazama amejishika shavu, na mhandisi alipoanza kukohoa alisema kwa sauti ndogo, "Huyu naye anakwenda." Gundi hakuwahi kumwona hivyo miaka yote ile ya kwanza. Zamani alikaa kupumzika. Sasa alikaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Wiki hiyo Gundi aliitwa ofisini kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu mwenye adabu, mwepesi wa kutabasamu, na alimtolea Gundi kiti mwenyewe. Mwongozaji alikuwa ameshakaa, anautazama ukingo wa meza.

"Mzee, kwanza hongera," alisema meneja. "Mlipuko ule kila mtu anauzungumzia. Ila tumepokea jumbe zaidi ya elfu nne. Watu wana uchungu. Kuna mama ameandika kwamba mwanawe anagoma kula. Kuna wazee wameandika kwamba tumewaibia utoto wao. Sasa na sisi tuna masikio. Tumeamua Mbayuwayu irudi."

"Irudi kutoka wapi?"

"Waandishi wamepata njia nzuri. Kumbe lile lilikuwa zoezi. Nahodha alikuwa anawapima wenzake. Walikuwa wamelala kwenye mashine, wanaona picha."

"Na wale wanne waliokufa?"

"Hawakufa. Wanaamka."

"Na mbegu?"

Meneja alimwangalia mwongozaji kana kwamba neno hilo ni la kitaalamu. "Mbegu zote zipo."

Gundi alimgeukia mwongozaji. "Ulijua?"

"Niliambiwa jana," alisema yeye, bila kuinua macho.

"Tunahitaji chombo kingine baada ya wiki tano," meneja aliendelea. "Kile kile, kisibadilike hata dirisha. Nimeambiwa mwanzoni wewe mwenyewe ulipinga kilipuliwe, kwa hiyo najua utafurahi."

"Nilipinga," alisema Gundi. "Mngenisikiliza siku ile ningefurahi. Mnanisikiliza leo nimeshabadilika."

"Sasa, mzee, tatizo liko wapi? Watu wanakipenda kitu chako, wanakitaka. Mimi nikiamua kumnyang'anya mtu kitu alichokipenda tangu utoto, nina haki gani ya kutaka anishukuru?"

"Huna. Hilo ni la kweli kabisa. Lakini mmeshamnyang'anya. Amelia, amepangusa machozi, ameanza kuuliza itakuwaje. Mnakuja kumwambia mlikuwa mnamtania. Siku nyingine mkitaka aogope ataogopa nini?"

"Ni tamthilia ya vyombo vya angani, mzee."

"Ndiyo. Na mimi nimekata mbavu zake kwa mkono huu wiki mbili, nikiambiwa hairudi."

Meneja alikohoa, akasema anaelewa hisia za msanii. Gundi alitamani angekasirika, wagombane vizuri, lakini mtu yule alikuwa kama godoro, unapiga ngumi na mkono unarudi. Akasema hataijenga. Meneja akasema pole, kwa upole ule ule, na kwamba watatumia kompyuta.

Mwongozaji alimfuata kwenye korido. "Mzee wangu, nisikilize. Nina watu thelathini na sita chini yangu. Nikiondoka leo, wanamleta mtu mwingine Jumatatu na atawabadilisha wote."

"Sikulaumu," alisema Gundi.

Lakini alimlaumu, na uso wake haukujua kuficha. Aliondoka bila kumpa mkono, na mpaka anafika kwenye lango alikuwa akijilaumu pia, kwamba mtu wa umri wake alikubali neno la mdomo kama kijana wa kwanza kazini.

Siku mbili hakumwambia dada yake. Alifikiri yeye angalau atapata raha, na hakutaka kumwona akiifurahia. Mwishoni alimwambia wakati dada amefungua daftari lake la magunia.

"Inarudi. Mbayuwayu. Na wale wanne."

Dada aliinua macho juu ya miwani. "Inarudi vipi?"

Akamweleza habari za zoezi. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi anayeeleza kwa nini hakufanya kazi yake.

"Kwa hiyo nimekaa siku nne sisemi na mdogo wangu kwa sababu ya zoezi."

"Ndivyo walivyoamua."

"Na hizi?" Aligonga daftari kwa kalamu. "Kurasa kumi na moja hizi nilikuwa nagawanya nini?"

"Nilidhani utafurahi, dada. Zamani ulipenda wakirudi wote."

"Zamani hawakuwa wamekwenda," alisema. "Ndiyo tofauti. Zamani mlinikalisha mahali ambapo watu hawaendi, nikashukuru, nilikuwa nahitaji. Safari hii mmewapeleka. Mmenilaza nao huo msiba, nikauvaa, nikaanza kuzoea. Halafu unaniambia wapo chumba cha pili wanacheka." Alivua miwani. "Nani anamfanyia mwenzake hivyo?"

Gundi alitaka kumwambia kwamba yeye amekataa kuijenga, lakini alipofungua mdomo aliona itakuwa kama kujisifu, akaufunga.

Sehemu hiyo iliporushwa Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, waliitazama wote wawili. Wale wanne walinyanyuka kutoka kwenye mashine wakijinyoosha, nahodha akawaambia wamefaulu, wakakumbatiana. Kisha chombo kikaonekana kikipita mbele ya nyota. Madirisha yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, walioichora kwa kompyuta walikuwa wamehesabu, lakini yote yaling'aa sawasawa kama meno ya bandia.

"Hii si yako," alisema dada yake.

"Si yangu."

"Inaonekana." Akaomba asaidiwe kunyanyuka, akaenda kulala mapema.

Wiki iliyofuata aliandika barua ya kurasa tatu kwa meneja. Hakutukana. Aliorodhesha sehemu kwa sehemu vitu ambavyo haviwezi kuwa kweli kama lilikuwa zoezi: mhandisi aliyekohoa, vidole vilivyoungua, mtoto wa nahodha msaidizi aliyeambiwa na mama yake jambo ambalo mashine isingelijua. Jibu lilikuja baada ya mwezi, limechapwa, halina jina lake. Lilimshukuru kwa mapenzi yake na kumjulisha kwamba sauti ya mtazamaji ndiyo inayowaongoza. Alilisoma mara moja, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha mahali palipokosewa nukta, akaliacha juu ya friji.

Tamthilia haikufa. Hilo ndilo lililomchoma Gundi zaidi, maana kwa siri alitegemea ife. Jumbe za hasira zilikoma, zikaja nyingine chache za watu waliokuwa wameipenda ile ya mchangani, nazo zikakoma. Watu waliendelea kuitazama huku wanapiga pasi, huku wanazungumza. Mwisho wa mwaka, idadi ilipoanza kupungua, kituo kilitangaza tukio kubwa ambalo halijawahi kutokea. Jirani mmoja aliwasimulia kesho yake dirishani kwamba Mbayuwayu imelipuliwa tena, na safari hii walikuwemo wote tisa.

"Watarudi," dada yake alimwambia yule jirani, na akamuuliza kama na kwake umeme umekatika, au ni kwa akina Gundi tu.

Miezi michache baadaye, Jumamosi mchana, mwongozaji alikuja kwenye chumba cha kazi cha Gundi nyuma ya nyumba. Gundi alikuwa akigandisha ngazi kwenye mfano wa shule ya ghorofa mbili. Mwongozaji alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa akae. Alisema mkataba wake umeisha na hakuutia sahihi mwingine. Alisema ana kitu kipya, kidogo, watu sita na sayari moja. Hakina historia, hakuna mtu aliyekipenda utotoni, kwa hiyo hakuna atakayesema ameibiwa. Anahitaji mtu wa kumjengea hiyo sayari.

Gundi aliendelea kuibana ngazi kwa vidole viwili, anasubiri gundi ishike.

"Mtu akifa humo, amekufa?"

Mwongozaji alitazama zile ngazi. Angeweza kusema ndiyo. Ilionekana usoni kwamba neno lilifika mdomoni.

"Nataka iwe hivyo," alisema. "Ila bado sijapata wa kuirusha. Na nikimpata, sijui atasema nini."

"Mara ile uliniambia meneja ametia sahihi."

"Alikuwa ametia. Niliiona kwa macho yangu." Sauti yake ilikwaruza kuliko kawaida. "Unadhani mimi sikuumia? Nilikaa chumba cha kukatia picha nikiwafufua mmoja mmoja. Kila mmoja nilimfufua mwenyewe."

Gundi aliachia ngazi. Ilikuwa imeshika upande mmoja, upande wa pili ukainuka. Alitukana kwa sauti ndogo, akaing'oa, akaanza kukwangua gundi ile kwa kisu. Alikuwa na hasira na ngazi, na meneja, na mwanamke huyu aliyekaa kwenye kigoda chake bila kumdanganya. Na alijua, na hilo lilimuudhi pia, kwamba kichwani ameshaanza kufikiria ardhi ya sayari hiyo ingekuwa ya rangi gani.

"Niachie karatasi," alisema. "Nitazisoma. Sijasema nitajenga."

Mwongozaji alizitoa kwenye mkoba, akaziweka mbali na gundi, akaaga. Dada yake Gundi alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, akawaona wakiagana. Aliingia, akazichukua zile karatasi kabla Gundi hajanawa mikono, akakaa nazo kwenye mwanga, akaanza kusoma akiwa na kalamu.